Vinia na krauni za meno: maswali tunayoulizwa Nairobi kabla mtu hajaketi kwa kiti

Nafanya kazi ndani ya kliniki ya meno hapa Nairobi na maswali haya ndiyo nayasikia kila wiki, kwa simu, kwa WhatsApp, kwa benchi la kungojea. Nimeyaweka pamoja juu wengi wanakuja kama washaamua, wengine washalipa hadi dipoziti mahali, na ndio sasa wanauliza kama jino huchongwa. Hilo lilifaa kuwa swali la kwanza kabisa.

Vinia ni nini, na krauni ni nini?

Vinia ni ganda jembamba linalogandishwa mbele ya jino, upande ule unaoonekana ukicheka, kama vile kucha ya bandia inakaa juu ya kucha yako. Krauni yenyewe inafunika jino lote, mbele, nyuma, juu na pande zote mpaka kwa ufizi. Vinia kazi yake kubwa ni sura: rangi, umbo, mwanya, ncha iliyovunjika kidogo. Krauni kazi yake ya asili ni kuokoa jino lililodhoofika, lile limeoza sana, limepasuka, ama limetolewa neva. Ukishika tofauti hiyo tu, tayari huwezi kudanganywa kirahisi.

Kwani lazima jino lichongwe?

Mara nyingi ndiyo, ila kiasi ndio kinatofautiana sana na hapo ndipo nataka usome polepole. Vinia ya kauri huwa na unene wa kama milimita 0.3 mpaka 0.7, kwa hivyo daktari anapunguza sehemu ndogo ya mbele ili ganda likae bila jino kuonekana limevimba. Krauni inataka nafasi pande zote, na pale juu pa kutafunia inaweza kufika milimita 1.5 hadi 2. Watafiti walishapima kwa meno ya mbele ni kiasi gani cha sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi kinaondoka, wakapata vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 kulingana na muundo wake, na krauni asilimia 63 hadi 72. Yaani kwa krauni zaidi ya nusu ya sehemu hiyo inaenda.

Na likienda halirudi. Enameli, lile tabaka la nje la jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, inashinda hata mfupa, lakini haina chembe hai za kuijenga tena. Tena si nene vile watu wanadhani, karibu na ufizi kwa meno ya mbele inaweza kuwa chini ya nusu milimita, ukichonga ovyo hapo ushafika kwa dentini, tabaka laini zaidi lililo chini yake. Gundi hushika vizuri sana kwa enameli kuliko kwa dentini, ndio maana vinia zilizowekwa juu ya jino lililochongwa kupita kiasi ndizo hubanduka haraka na ndizo huleta ile baridi ya kushtua ukinywa maji ya friji.

Kuna vinia za bila kuchonga kabisa, na ni za kweli, lakini zinafaa watu wachache: wenye meno madogo, yaliyorudi nyuma kidogo, ama yenye mianya. Ukiwa na meno makubwa tayari yamesonga mbele halafu uongezewe ganda juu, mdomo utakuwa mzito na hata kufunga midomo itakuwa shida.

Nimeona tangazo la "vinia 360". Hizo ni gani?

Hizo ni krauni. Kitu kikizunguka jino lote ni krauni, haijalishi kimepewa jina gani kwa tangazo. Hapa ndipo watu wanaumizwa, msichana wa miaka 22 na meno mazima kabisa anaingia akitaka weupe tu, anatoka na meno kumi yamechongwa yakabaki membamba yamechongoka, halafu anaambiwa ziko tu sawa na vinia. Haziko sawa. Jino likichongwa hivyo neva inaweza kuchoka na kufa polepole, wakati mwingine miaka mingi baadaye, na hapo sasa unaanza tiba ya mzizi, yaani kutolewa neva, kwa jino ambalo halikuwa na shida yoyote.

Uliza waziwazi kabla ya sindano: "Daktari, upande wa nyuma wa jino utaguswa?" Akisema ndiyo, muulize kwa nini, na jibu liwe la jino hilo, si "ndio tunafanyanga hivyo".

Nimekulia Nakuru na meno yangu ni ya kahawia. Si vinia ndio dawa?

Swali hili ndilo tunaulizwa kuliko yote na nalijali sana, juu watu wamechekwa tangu shule ya msingi, wengine mpaka leo wanacheka wakifunika mdomo na mkono. Hiyo rangi si uchafu na si ati hukupiga mswaki. Ni floridi nyingi kwa maji. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yana floridi, maji ya chini yanaibeba, na ndio unaona meno hayo kwa watu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Elementaita, na hata sehemu za Kiambu na Nairobi wanaotumia visima vya kuchimba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku kwetu vinapita hapo.

Sasa, kabla ya vinia kuna ngazi. Doa jepesi jeupe ama la manjano linaweza kupungua kwa kung'arisha meno tu, kwa dawa ya daktari. Doa la kahawia lililo juujuu linaweza kusuguliwa na mchanganyiko wa asidi na unga laini, inaitwa mikroabresheni, inaondoa tabaka dogo mno la enameli na mara nyingi inafuatwa na kung'arisha. Kuna pia utomvu mwepesi unaoingizwa ndani ya enameli ukaficha madoa meupe. Wengi wanashangaa vile hizo peke yake zinawatosha. Zikikataa, yaani doa limeingia ndani ama jino lina mashimo mashimo, hapo vinia ni jibu zuri na la haki, mtu asikuaibishe ati unapenda urembo. Mwambie tu daktari mapema kuwa ni floridi, kwa sababu enameli ya aina hiyo inakataa asidi ya kugandisha na huhitaji kutayarishwa kwa muda mrefu zaidi ndio gundi ishike.

Na kama una watoto: meno huharibika rangi yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, yaani miaka ya kwanza ya maisha mpaka karibu miaka 8. Wewe mtu mzima uliyehamia estate ya maji ya kisima meno yako hayatageuka, ila ya mtoto yanaweza. Pima hayo maji. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunapunguza maji na floridi inabaki ileile, kwa hivyo inakuwa kali zaidi. Vichujio vya makaa ya mifupa husaidia, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo miaka mingi.

Nina mwanya. Nifunge na vinia?

Ukitaka. Lakini huku kwetu mwanya ni urembo, umeimbwa kwa nyimbo, na nimeona watu wakifunga kwa sababu ya picha za wasanii wa nje halafu wanaukosa. Ukiamua kufunga, uliza kwanza kuhusu breisi ama kompositi (resini ya kuziba meno) kidogo kwa pembeni mwa meno mawili, ambayo mara nyingi haihitaji kuchonga chochote. Meno yaliyopandana vilevile, hayo ni kazi ya breisi. Kunyoosha meno kwa kuyachonga ni haraka ndiyo, wiki mbili badala ya mwaka na nusu, lakini unalipa na jino lenyewe.

Kauri ama kompositi?

Kompositi ni ile resini niliyotaja, daktari anaipanga moja kwa moja kwa jino na kuikausha na taa ya bluu, unaweza kumaliza siku moja. Ni nafuu kwa mbali, inachonga kidogo ama haichongi, na ikimeguka inarekebishwa hapohapo. Ubaya wake inashika rangi ya chai, kahawa, sigara na miraa, inahitaji kusuguliwa kila mara irudishe ng'aro, na kwa kawaida hukaa miaka kama 5 hadi 7.

Kauri inatengenezwa maabara, haishiki rangi, inang'aa kama jino la kweli, na zikiwekwa vizuri zaidi ya 9 kati ya 10 bado ziko mdomoni baada ya miaka 10. Lakini ikivunjika hairekebishwi vizuri, inatengenezwa nyingine.

Mimi kwa mtu chini ya miaka 25 asiye na shida kubwa ningesema anza na kompositi. Ukae nayo, ujue kama unaipenda hiyo sura, na ukibadilisha mawazo jino lako bado liko.

Ni nani hafai kuwekewa vinia saa hii?

Mwenye fizi zinazotoka damu, kwanza asafishwe ukoga na atibiwe. Mwenye meno yaliyooza, yazibwe kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 18, ufizi bado unasogea na neva yake bado ni kubwa ndani ya jino. Mjamzito, hii si dharura, inaweza kungoja. Na anayesaga meno usiku, huyu ndiye tunamwogopa zaidi kwa sababu wengi hawajui wanasaga mpaka mwenzao wa chumba awaambie, ama daktari aone ncha zimekuwa bapa. Akiwekewa lazima alale na gadi ya usiku, ile plastiki ya kukinga meno, la sivyo zitapasuka.

Nimetolewa neva kwa gego, daktari anasisitiza krauni. Si ni biashara tu?

Hapana, hapo msikilize. Gego lililofanyiwa tiba ya mzizi limebaki na shimo kubwa katikati na kuta nyembamba, na magego ndiyo hubeba nguvu yote ya kutafuna. Utafiti wa chuo kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa 2002 ulionyesha meno ya aina hiyo yasiyovikwa krauni yalipotea mara 6 zaidi ya yaliyovikwa. Watu wanamaliza tiba ya mzizi, maumivu yanaisha, wanasema krauni nitakuja mwezi ujao, halafu wanarudi na jino limepasuka mpaka kwa mzizi, na likipasuka hivyo ni kung'oa tu. Pesa yote ya kwanza imepotea. Kama hela ni ya kitu kimoja kati ya vinia za mbele na krauni ya gego hilo, tafadhali anza na gego.

Jino la mbele lililotolewa neva ni stori tofauti, likiwa bado na mwili mwingi laweza kuzibwa tu na kung'arishwa kutoka ndani.

Krauni ya kitu gani ni nzuri?

Zirkonia ni ngumu sana, inafaa magego. Kauri ya kioo kama ile ya E.max inapitisha mwanga vizuri, inafaa mbele. Ile ya chuma iliyofunikwa na kauri ni ya bei ya chini na imetumika miaka mingi, ni imara, ila fizi zikishuka kidogo unaona mstari mweusi pale chini, kwa hivyo mbele haipendezi. Ya chuma tupu kwa gego la mwisho ni nzuri tu na haitaki jino lichongwe sana, watu huikataa juu ya rangi yake.

Kazi yenyewe inaenda aje, na inauma?

Siku ya kwanza ni kuongea, eksirei, picha na vipimo. Halafu daktari mzuri atakufanyia jaribio: anaweka sura ya meno mapya kwa plastiki ya muda juu ya meno yako bila kuchonga chochote, ujione kwa kioo, uongee, useme "f" na "v" usikie kama midomo inagonga, upige picha umtumie mama. Hapa usiwe na haraka, na usiogope kusema hupendi. Kliniki ikikwambia hakuna jaribio twende tu moja kwa moja, mimi ningeondoka.

Siku ya kuchonga unapigwa ganzi, huhisi uchungu, unasikia tu maji na mlio. Unatoka na vinia za muda, na hizo ni dhaifu, kula vitu laini. Maabara inachukua kama wiki moja hadi mbili. Ukirudi zinajaribiwa kwanza, unaangalia rangi, na ukikubali ndio zinagandishwa, baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Siku kadhaa ama wiki chache baridi na moto vinaweza kukusumbua, hiyo ni kawaida. Maumivu ya kupigapiga usiku ama ufizi kuvimba si kawaida, piga simu.

Nichague weupe gani?

Rangi ya kauri haibadiliki tena, dawa ya kung'arisha haifanyi kitu kwake. Kwa hivyo kama unataka meno yote yawe meupe, ng'arisha kwanza ya asili, ungoje kama wiki 2 rangi itulie na gundi ishike vizuri, ndio vinia zilinganishwe nayo. Angalia rangi karibu na dirisha mchana, si chini ya taa ya kliniki. Weupe wa karatasi unapendeza kwa simu, lakini ukiwa kanisani ama ofisini mtu anaona meno kabla hajakuona wewe. Chaguo ni lako, ila utaishi nalo zaidi ya miaka 10.

Lazima nifanye meno mengi?

La. Cheka kawaida mbele ya kioo uhesabu yanayoonekana, wengi ni 6 hadi 10 ya juu. Na kama shida ni jino moja lililovunjika, fanya hilo moja. Ni kweli jino moja ni gumu kulinganisha rangi na mengine, fundi wa maabara anahitaji ustadi, lakini hiyo si sababu ya kuchonga majirani wazima.

Bei ni ngapi, na bima inalipa?

Bei ni kwa kila jino na inatofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, kwa hivyo ukisikia bei nzuri uliza ni ya nini hasa: kompositi ama kauri, na ndani yake kuna eksirei, jaribio, vinia za muda, gadi ya usiku? Ikianguka baada ya miezi miwili nani analipa? Upewe kwa maandishi na risiti ya kila pesa uliyotuma kwa M-Pesa. Vinia za urembo usitarajie SHA (bima ya afya ya serikali) ama bima ya kazini izilipie. Krauni ya jino lililotibiwa inawezekana kwa baadhi ya bima, lakini idhini iombwe kabla ya kazi.

Halafu hesabu ya pili ambayo watu hawafanyi. Ukiwekewa na miaka 25 na kila seti ikae miaka 15, mpaka ufike 75 utakuwa umezibadilisha kama mara 3. Bei ya leo ni ya awamu ya kwanza tu.

Nikipata nafasi ya kwenda Uturuki ama India je?

Kuna madaktari wazuri huko kama hapa. Shida ni muda, unafika Jumatatu, Jumanne yamechongwa, wikendi uko kwa ndege, na wengi wanarudi na krauni wakidhani ni vinia. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimeshaonya watu wake kuhusu hili. Ukienda, uombe eksirei zako na jina la vifaa vilivyotumika, kwa sababu jino likiuma ukiwa Umoja ama Rongai, daktari wa hapa ataanza bila kujua kilichofanywa.

Kuna mtu wa saluni anaweka kwa bei poa sana, ananifuata hata nyumbani...

Usikubali, nakuomba. Kazi hii ni ya daktari wa meno aliyesajiliwa na KMPDC, baraza la Kenya linalosajili madaktari, leseni hufanywa upya kila mwaka, na kwa tovuti yao unaweza kutafuta jina la daktari ukiwa umeketi tu kwa matatu. Hao wa nyumbani wanabandika bila eksirei, juu ya meno yaliyooza, ukingo umejaa chini ya ufizi, na baada ya miezi fizi zinavimba, harufu inaanza, na likitolewa lile ganda chini kumeoza. Zile za kuagiza mtandaoni za kuvaa na kuvua ni za picha tu, usile nazo wala kulala nazo.

Naeza kula mahindi choma?

Kwa vinia za mbele, pukuchua kwa mkono utafune na magego. Miwa kata vipande vidogo. Mifupa ya nyama choma, barafu, kucha, kalamu, na kufungua soda kwa meno, hizo acha. Piga mswaki mara mbili kwa siku na dawa isiyo na chembe za kukwaruza, zile za mkaa hapana, pitisha uzi kati ya meno, na usafishwe kliniki kila miezi 6. Vinia haiozi lakini jino chini yake linaoza, na huanzia pale ukingoni.

Nikizichoka naeza toa nirudi kwa meno yangu?

Kompositi ambayo haikuchongewa chochote, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Kauri na krauni, hapana. Jino lililochongwa litahitaji kufunikwa maisha yake yote.

Imetoka Ijumaa usiku. Nifanyeje?

Itafute, iweke kwa kikopo kisafi, usiitupe kwa sababu ikiwa nzima mara nyingi inagandishwa tena. Usitumie supaglu, ina kemikali za kuchoma ufizi na itakaa vibaya, halafu daktari atalazimika kuivunja kuitoa. Tafuna upande mwingine, epuka baridi na moto. Ukiimeza kwa kawaida inapita yenyewe tumboni, lakini ukianza kukohoa ama kupumua kwa shida enda hospitali usiku huohuo. Krauni iliyotoka na jino linauma, usingoje Jumatatu, tafuta kliniki ya wikendi, na ubebe hicho kikopo.